Karavani Nyuma ya Kamio Ndefu

Juzi nilikuwa Bulengera, hapa Butembo, kwa fundi anayechomelea vyuma, nikitafuta mtu wa kunitengenezea mlango wa jiko. Nilimkuta anapaka mafuta mazito ya mashini, yale meusi, kwenye kroshe ya gari, yaani kile chuma kilichopinda nyuma cha kuvutia gari lingine. Harufu ile ilipofika puani tu, nikatafuta pa kukaa. Mimi, mwanamke mzima, mama wa watoto wanne, nikakaa chini juu ya pine kuukuu, tairi la gari. Fundi akaniuliza kama nina malaria. Nikamwambia ndiyo. Ni rahisi kusema una malaria kuliko kusema unaogopa mafuta ya kroshe.

Ninyi mliokuwa watoto wakati ule wa vita hamtanicheka. Kila mtu wa umri wetu ana kitu chake. Nina dada mmoja wa kanisani ambaye hadi leo hawezi kusikia bati likigongwa bila kuinama. Basi mimi na mafuta yangu, mniache.

Tulikaa Beni, mtaa wa Beu. Papa, baba yangu, alikuwa shemasi katika kanisa letu la Kiprotestanti, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, hata mbuzi wa jirani hawakumwogopa. Mbele ya nyumba yetu ilisimama karavani, kanyumba kadogo juu ya magurudumu mawili, kenye kitanda mbele, kabati la vikombe katikati na mlango nyuma. Kenyewe hakakuwa na mashini, lazima kavutwe. Wazungu wa misioni walikaacha walipokimbia, na kanisa likampa Mama kwa kazi yake, kwa sababu Mama alikuwa mkunga. Alizunguka nako mpaka njia ya Kamango, kuzalisha wanawake waliokaa mbali na hospitali. Pikapu ya kanisa iliyokavuta ilikuwa fupi, ya chini chini, na karavani ilikaa nyuma yake imelala sawasawa, hata chai haikumwagika.

Mwaka ule Mama mwenyewe alikuwa na mimba. Mimi, Masika, nilikuwa mtoto wao wa pekee, wa miaka tisa. Wawili walionifuata walitoka kabla ya wakati wao. Huyu alikuwa amefika mwezi wa nane, na nyumba nzima tulikuwa tunatembea kwa vidole. Kisha asubuhi moja Mama akaona damu. Daktari alikuja, akamwambia alale tu, asikae, asitembee, asipande pikipiki wala juu ya mizigo ya kamio, yaani lori. Akamwambia Papa kwamba damu ikirudi, Mama apasuliwe upesi, la sivyo watakwenda wote wawili. Nilisikia kwa masikio yangu, nilikuwa nyuma ya pazia. Baada ya siku nne daktari naye akakimbia, maana milio ya bunduki ilikuwa inasogea. Wa kupasua watu sasa alipatikana Butembo tu. Na pikapu ya kanisa basoda, wale askari, walikuwa wamekwisha kuichukua.

"Tutamubeba na karavani," Papa akasema. "Atalala mule mule mpaka Butembo."

"Na itavutwa na nani? Na wewe?" Mama akamjibu kutoka kitandani. Hata akiwa vile, ulimi wake haukulala.

Papa akampata Mbusa, shofere wa kamio ya mfanyabiashara mmoja iliyokuwa inarudi Butembo bila mzigo. Mbusa alikubali, lakini kamio yake, bwana wee, ilikuwa ndefu kwenda juu. Alipoirudisha nyuma mpaka kwenye karavani, kroshe ilifika kifuani pa Papa, na pete ya chuma ya karavani ilimfika magotini. Wanaume sita wakainyanyua pua ya karavani, wakaipachika pete kwenye kroshe, wakaachia. Karavani ikatazama mbinguni, matako yake yakakaa udongoni. Ndani vikombe vyote vikaanguka. Nilicheka, nikaona nacheka peke yangu, nikanyamaza.

"Hapana kwenda vile," akasema Papa Kakule, makanika mzee wa kule Beu. "Mama Masika atateleza mule ndani sawa gunia ya makaa. Tushushe kroshe."

Umeme haukuwepo siku nyingi, kwa hiyo hakuna kuchomelea. Alikata kipande cha chuma kwenye shasi ya kamio iliyokufa, akakitoboa kwa mkono, tundu moja nusu siku, akakifunga kwa bulon na nati zake chini ya kamio ya Mbusa ili kroshe ining'inie chini zaidi, kiasi cha shubiri mbili. Ulimi wa kuifunga kroshe ulikuwa umevunjika zamani. Akafunga na waya, akapitisha na nyororo kama waya utakatika, akapaka kila mahali mafuta yale meusi. Siku mbili hizo mimi nilikaa na Mama. Kila alipogeuka nilinyanyua kitenge chake kuangalia kama damu imerudi. Niliogopa kuangalia na niliogopa kutoangalia, mpaka Mama akaniambia, "Acha basi, unanitia baridi."

Asubuhi ya kuondoka pua bado ilikuwa juu kidogo, lakini matako yalikuwa yametoka udongoni. Papa Kakule akawaita Papa na Mbusa kando, akawaeleza jambo. Mimi sikulisikia, nilikuwa nimetumwa maji. Nililijua baadaye, na nawaambia sasa msije mkahangaika nilivyohangaika mimi. Karavani ikiwa imeinuka pua, inakuwa kama mizani. Uzito ukikaa mbele, pete inabaki chini, ndani ya kroshe. Uzito ukienda nyuma, pua inapanda na pete inatoka. Ndiyo maana walikuwa wameweka magunia mawili ya chumvi mbele, karibu na kitanda cha Mama. Ndiyo maana Papa mwenyewe angekaa nje, juu ya mkono wa chuma unaoshika pete, awe uzito. Na mtu yeyote asipande nyuma, hata mtoto.

Nilichokiona mimi niliporudi na bidoni yangu ya maji ni Papa anajaza mawe mifukoni mwa koti.

"Papa, mawe ya nini?"

"Ya batu," akasema. Ya watu. "Ingia kwa mama yako, ushike mukono yake. Hapana kukaribia mulango ya nyuma. Umesikia, Masika?"

Haikuwa sauti yake ndogo. Niliingia, nikaushika mkono wa Mama.

Tukaondoka. Majirani walijaa juu ya kamio pamoja na Papa Kakule, na sisi tukafuata nyuma tukiyumba. Mama alilala chini ya dirisha la mbele, mimi nimekaa kwenye kigoda kichwani pake. Nje ya kioo, umbali wa mkono tu, ulikuwa uso wa Papa. Alikaa ametugeukia sisi, ili aweze kuangalia pande zote mbili za karavani mpaka nyuma.

Kwenye baryeri ya kwanza, kizuizi cha basoda, soda mmoja alifungua mlango wa nyuma. Akamtazama Mama, akatazama tumbo, akawapigia kelele wenzake kwa Lingala, "Mwasi ya zemi! Tika bango baleka!" Mwanamke wa mimba, waacheni wapite. Akaufunga mlango polepole, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa. Nililia kwa ajili ya wema wa mtu yule mwenye bunduki.

Baada ya baryeri tukaanza kuwapita watu wa miguu. Walikuwa wengi, wengine wametoka mbali, na magodoro kichwani, na kuku. Sasa, mnajua wenyewe desturi yetu. Gari likipunguza mwendo kwenye matope, sisi tunalikimbilia na kulipanda kwa nyuma. Hakuna anayeomba ruhusa na hakuna anayekatazwa, ndivyo tulivyokua. Karavani ilipotikisika kwenye shimo la kwanza, kijana mmoja akarukia chuma cha nyuma, nilimwona kwenye kidirisha cha mlango. Nilisikia sakafu ikinesa chini ya miguu yangu.

Papa akamtupia jiwe.

Yule kijana alicheka, alifikiri ni mchezo wa shemasi. La pili lilimpata begani, akaanguka matopeni. Kisha akaja bibi na kikapu chake, akashika chuma kwa mkono mmoja. Jiwe likagonga kikapu. "Toka! Tokeni huko nyuma!" Papa alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Sikuwahi kumwona akimkemea hata mbwa. Mtu akija, jiwe. Mtu akija, jiwe. Na uso wake wote, mdomo na macho, ulikuwa pale kwenye kioo, na mimi sikuwa na pa kuutoroka.

"Mama, Papa eko napiga batu!"

"Nyamaza. Omba," Mama akasema. Alikuwa amefumba macho, jasho linamtiririka. Hakuona kitu, na sijui kama alinisikia vizuri.

Mwanamke mmoja wa Beu, mtoto wake alikwenda jeshini, akarudi anampiga mamake. Wanawake walisema vita imemuingia. Basi na mimi nikajua: vita imemuingia Papa. Lakini hilo silo lililonitia hofu zaidi. Tulifundishwa shule ya Jumapili kwamba Mungu anaona kila kitu na analipa. Na angelipia wapi, kama si kwenye lile tumbo la Mama, ambalo tayari lilikuwa linasubiri kupoteza mtoto wa tatu? Nikaanza kuhesabu mawe. Kila jiwe niliona linakwenda kumpiga yule mtoto. Nilifika kumi na moja, nikaacha, kwa sababu meno yalikuwa yanagongana. Nilimwambia Mungu asubiri kidogo, mimi nitafanya jambo jema moja, halafu tuone.

Kwenye mpando wa Kabasha kamio ilikwenda pole kuliko mtu wa miguu. Niligeuka, na kwenye kidirisha cha mlango wa nyuma nikamwona Kavira. Tulikaa benchi moja shuleni. Alikuwa na mamake, mtoto mdogo mgongoni mwa mama na furushi la maharage kichwani. Walikuwa wameondoka Beni siku moja kabla yetu. Kavira aliniona. Hakupiga kelele. Alianza kukimbia tu, miguu mitupu, ananitazama.

Niliachia mkono wa Mama. Nilikwenda nyuma, nikafungua.

"Ingia! Ingieni mbio!"

Kavira akaingia, furushi likaingia, nikamvuta mamake na mtoto wake mgongoni. Tukasimama sote pale mlangoni tukihema, mimi nikifurahi. Nilifurahi kabisa, sitaficha. Kisha sakafu ikashuka chini yetu. Bidoni ikaja inateleza upande wetu. Nikatazama mbele, na pale kioo kilipo, nyuma ya kichwa cha Papa, nikaona kamio inazama. Majirani wote walikuwa wanashuka chini, chini, wamefungua midomo. Nikafikiri ardhi imeimeza kamio. Kumbe sisi ndio tuliokuwa tunapanda.

Papa alinitazama mimi. Alisema neno, sikulisikia. Kikalia chuma, kwaa! Waya umekatika, pete imetoka. Matako ya karavani yakapiga barabara, yakaburutwa. Mama akateleza na godoro lake mpaka katikati, akalia mara moja tu, sauti ambayo sikujua kwamba mtu anayo. Na kioo kikabaki kitupu, Papa hayupo.

"Simama! Mbusa, simama!" Juu ya kamio walikuwa wanapiga bati la kabini. Nyororo ilitushikilia, bila nyororo tungerudi chini ya mlima kwa matako. Kamio iliposimama, mama Kavira akaruka nje na watoto wake kwa hofu. Uzito ulipotoka nyuma, pua ikashuka kwa nguvu yake yote. Papa, aliyekuwa ameanguka akainuka, alikuwa chini yake, anajaribu kuishika pete. Mkono wa chuma ulimshukia juu ya mkono wake wa kulia.

Hakulia yeye, walilia wanaume waliomnyanyulia chuma. Vidole viwili havikuwa vidole tena. Mbusa akakimbia kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Mimi nilikuwa ndani nimepiga magoti kando ya Mama. Nilinyanyua kitenge, na mara hii damu ilikuwepo. Nilipiga kelele moja, na kila mtu nje akajua.

"Haraka! Haraka!" Papa akasema. Mkono alikuwa ameuviringisha na shati lake. Wanaume wakainua pua, wakairudisha pete, wakafunga waya mwingine. Lakini Papa hakuweza tena kukaa juu ya chuma, hakuwa na mkono wa kujishikilia. Na gunia moja la chumvi lilikuwa limepasuka, chumvi yote imekwenda nyuma.

"Hakuna uzito mbele," Papa Kakule akasema. "Itatoka tena. Hatufike mita mia."

Mama Kavira alikuwa amekwisha kuanza kwenda zake, anawavuta watoto. Papa akamwita. Yule mama aliposikia sauti, aliinama juu ya Kavira na kumfunika kichwa kwa mikono miwili. Alikuwa amewaona wengine wakirushiwa, sasa alikuwa anangoja jiwe lake. Nadhani hapo ndipo Papa alipojiona.

"Mama, hapana," akasema, na sauti ilikuwa ile yake ndogo. "Kuja. Kuja ukae mbele. Na batoto. Mbele iko nafasi."

"Eeh, Nyamuhanga!" Mbusa akamwita Mungu, akashika kichwa. "Mbele! Mais kweli, mbele! Juu ya nini hatukufikiri ile?"

Juu ya nini? Kwa sababu sisi gari tunalipanda kwa nyuma. Makanika mzee, shofere, shemasi, wote walijua uzito unatakiwa mbele, wote waliwaona watu barabarani, na hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili. Mama Kavira akakaa kitandani, akampakata Mama kichwa. Kavira na mimi tukakaa juu ya gunia lililobaki. Wanaume wawili waliokuwa wanapita kwa miguu wakakaa nje juu ya chuma, na bibi mwingine akaingizwa, na mtoto wake. Pete ikakaa ndani ya kroshe, ikatulia. Tulipanda mlima wote bila kutikisika, tukiwa wengi kuliko tulipoanza.

Papa walimpandisha juu ya kamio. Sasa nilimwona kwa mbali, kwenye kioo, katikati ya majirani. Alikuwa anatazama nyuma, barabara tuliyotoka. Kisha akaanza kulia, mdomo wazi, mbele ya watu wote, na si kwa ajili ya vidole. Papa Kakule alikuja kutusimulia kwamba Papa alirudia maneno yale yale mpaka Butembo: "Bale ba kule chini. Tungebabeba." Wale wa kule chini, tungewabeba.

Tulifika jua bado liko juu. Mama aliingizwa hospitali akiwa hasemi tena. Mama Kavira alinishika mabega muda wote ule, na mimi sikuomba, nilikuwa nimeogopa hata kumkumbusha Mungu kwamba tupo. Halafu tukasikia mtoto analia. Ni yule ndugu yangu ambaye leo ana kitambi na anakoroma kanisani. Mama aliamka kesho yake, akauliza vikombe vyake viko wapi.

Kesho yake hiyo hiyo, Papa akiwa na mkono umefungwa bendi ya kidonda mpaka kiwiko, aliondoka asubuhi kwa miguu. Alisema anakwenda kuwatafuta. Alivuka Bulengera, akafika njia ya Beni, akakuta basoda wameifunga. Waliokuwa wamefika walikuwa wamefika, na kutoka chini hakuna tena mtu aliyekuwa anakuja. Alisimama pale mpaka saa sita. Hakumwona yule kijana wala bibi mwenye kikapu.

Mimi nilikuwa kwenye robine, bomba la maji la hospitali, nafua vitenge vya Mama, maji yanatoka mekundu. Watu wote walikuwa wanasema kitasa cha karavani kilikuwa kibovu, mlango ulijifungua wenyewe. Papa mwenyewe ndiye aliyewaambia hivyo. Nilimwona anakuja, nikaacha kufua.

"Bale batu, Papa?"

"Sijue. Banafunga njia."

Akakaa juu ya ukuta mfupi wa robine. Niliogopa sana, niliogopa kuliko kule Kabasha, lakini nikamwambia.

"Papa, ni mimi nilifungua mulango."

"Nilikuona."

"Mbona haukunipiga?"

Aliitazama ile bendi.

"Nilikuwa nimepiga ya kutosha," akasema.

Kisha akaniomba nimfungie vifungo vya shati, kwa sababu mkono ule haukuweza, na Mama alikuwa anamwita ndani aje amshike mtoto.